Mimba nne zimetoka, vipimo vikaonyesha tatizo liko kwangu mimi mume. Tuzungumze (Mtwara na Lindi)

Fundi wa Chikongola (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nimo humu miaka mingi, zaidi kwenye nyuzi za umeme na bei ya korosho. Leo naandika jambo la ndani ya nyumba yangu. Mke wangu amelisoma lote kabla sijaliweka. Kuna sehemu moja alinitaka niifute, nimeifuta. Yaliyobaki ameridhia.

Tulioana 2018. Mimba ya kwanza ilitoka na wiki 8. Ya pili wiki 7. Ya tatu tulifika mbele kidogo, tukauona moyo ukipiga kwenye altrasaundi, tukarudi nyumbani tunataja majina. Siku kumi baadaye tukaambiwa moyo umesimama. Ya nne ndiyo ile sehemu niliyofuta.

Mimi ni Mmwera wa upande wa Nyangao, mke wangu Mmakonde wa Newala. Anayejua mila zetu anajua kwamba kwetu mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kwa hiyo shinikizo halikutoka kwa mama yangu kama ninavyosoma visa vya wengi humu. Mama yangu alilia pamoja nasi basi. Walioanza kuhesabu miaka ni wajomba wa mke wangu, maana ukoo uliokuwa unakosa watoto ni wao. Minada ya korosho ilipokwisha, mjomba mkubwa alishuka Mtwara, akalala kwetu siku mbili, na asubuhi ya kuondoka akaniambia kwa upole kabisa kwamba anaomba ampeleke mpwa wake akatengenezwe.

Akatengenezwa kweli. Kwanza aliambiwa ana chango, baadaye jini mahaba. Alikunywa dawa, akaogeshwa, akachanjwa, akafungwa hirizi. Mimi nilikaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Muda wote huo hakuna mtu, wa mila wala wa hospitali, aliyenitazama mimi akauliza lolote. Baada ya mimba ya tatu, hospitali moja walimsafisha, wakatupa vidonge, wakatuambia bado vijana, tutapata tu.

Baada ya ya nne ndipo tulipoonana na daktari mmoja wa kina mama. Alimsikiliza mke wangu muda mrefu, akaandika, kisha akanigeukia: "Na wewe baba, umepimwa nini?" Nikajibu mimi siumwi popote. Akasema hakuniuliza kama naumwa.

Tukatolewa damu wote wawili. Sukari ya mke wangu, tezi ya shingo, kinga zinazogandisha damu, kromosomu zake, vyote salama. Zangu ndizo zilizokuwa na hitilafu. Kipande cha kromosomu ya 2 kimehamia kwenye ya 11, na kipande cha ya 11 kimehamia kwenye ya 2.

Daktari alinieleza, nikaja kujieleza mwenyewe kwa kanga ndipo nikaelewa. Binadamu ana kromosomu 46, jozi 23. Chukulia ni doti 23 za kanga, kila doti kipande kimoja kimetoka kwa baba na kimoja kwa mama. Kwangu mimi, pindo la kanga moja limekatwa likashonwa kwenye kanga ya doti nyingine, na la ile likashonwa huku. Ukipima kitambaa chote, hakuna hata inchi iliyopungua, ndiyo maana mimi ni mzima na nanyanyua nguzo. Tatizo linakuja siku ya kugawa. Mtoto anapewa kipande kimoja kutoka kila doti. Akipewa vile viwili visivyoguswa, salama. Akipewa viwili vyote vilivyoshonwa, naye salama, atakuwa kama mimi. Akipewa kimoja kilichoshonwa na kimoja kisichoguswa, huku pindo limezidi na kule limekosekana, na mimba ya namna hiyo mara nyingi haivuki miezi mitatu.

Miaka yote hiyo dawa alikunywa yeye.

Wanaume wenzangu wa Kusini, kama mkeo amepoteza mimba mbili au tatu, ingia naye chumba cha daktari na unyooshe mkono utolewe damu. Na wenye ujuzi humu naomba mtueleze hayo mengine, sukari, tezi, damu kuganda, maana tulipokuwa tunasubiri majibu niliyasikia mengi na sikuyaelewa.

---

Mkunga wa Kusini

Pole sana kaka, na mfikishie shemeji pole zangu. Nimezalisha huku zaidi ya miaka 15 na ni mara ya kwanza naona mwanamume anaandika hivi kwa hiari yake.

Niweke msingi kidogo ili mtu asiogope bila sababu. Mimba kutoka mara moja ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyosema hadharani. Katika kila mimba 100 zilizothibitishwa, 10 hadi 15 hivi hutoka. Zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo, karibu nusu au zaidi zina kosa la idadi ya kromosomu lililotokea kwa bahati mbaya, mara nyingi wakati yai au mbegu inapotengenezwa. Moja linaloonekana mara nyingi ni kromosomu ya 16 kuwa tatu badala ya mbili. Hilo halirithiwi, na halina uhusiano na mzigo uliobeba, safari ya bodaboda, wala ugomvi wa jana. Jambo linaloongeza makosa hayo kuliko yote ni umri wa mama. Utafiti mkubwa wa Norwei uliotoka 2019 ulikuta wenye miaka 25 hadi 29 wanapoteza mimba 10 katika 100, na waliofikisha 45 wanapoteza zaidi ya nusu.

Zikitoka tatu, lazima mtu achunguzwe. Chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya kinasema hata mbili zinatosha kuanza, na mimi nakubaliana nao, kwa sababu sioni faida ya kumsubirisha mama msiba wa tatu ndipo apimwe.

Hali ya mtoa mada hupatikana kwa wenza 2 hadi 5 katika kila 100 wenye tatizo hili la kurudiarudia, na inaweza kuwa kwa mume au kwa mke. Kwa hiyo wengi wenu mnaosoma hamna hitilafu hiyo. Wengi mna jambo jingine, na baadhi yake yanatibika hapa hapa kwa vidonge vya bei ya kawaida. Nikitoka zamu nitaandika habari ya sukari na tezi.

---

Mama Kivinje

Mkunga, sukari niachie mimi, nimeipitia.

Nilipoteza mbili. Ya pili ilikuwa na wiki 11. Mimi mnene, nakojoa usiku mara nne, nikadhani ndiyo ujauzito. Nimezaliwa Kilwa, nimeolewa Lindi mjini, na chakula changu cha asubuhi kwa miaka yote kilikuwa muhogo au ming'oko na chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari. Hakuna aliyenipima sukari mpaka nilipokwenda kutibiwa kidonda cha mguu kisichopona. Sukari ya kufunga ilikuwa 13. Ile sukari ya miezi mitatu, kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi hiyo, ikasoma asilimia 10.8.

Daktari alichora mstari wa wiki kwenye karatasi, na karatasi hiyo ninayo hadi leo. Akaniambia moyo wa mtoto, uti wa mgongo na viungo vingine vinaumbwa zaidi kati ya wiki ya tatu na ya nane tangu mimba kutungwa. Mama wengi wakati huo ndiyo kwanza wanashtuka siku zimepita. Sukari ikiwa juu katika wiki hizo, kiumbe kinaumbwa ndani ya sharubati, mimba inatoka au mtoto anazaliwa na kasoro. Ndiyo maana kumwambia mwenye kisukari "ukipata mimba uje kliniki" ni kumchelewesha. Sukari inashushwa kwanza, mimba inafuata.

Nikawekwa kwenye uzazi wa mpango kwa makusudi. Mume alikasirika, akasema tunatafuta mtoto halafu unaweka kijiti? Tulimweleza, akatulia. Miezi minane. Insulini asubuhi na usiku, muhogo nikaupunguza mpaka kipande kama kiganja, samaki na mboga za majani nikazidisha, chai kavu. Lengo lilikuwa ile sukari ya miezi mitatu ishuke chini ya 6.5. Nilifika 6.4 nikaenda kuondoa kijiti.

Kitu kingine ambacho naomba kila mwenye kisukari au presha akisome mara mbili. Nilikuwa natumia kaptopili ya presha. Daktari aliibadilisha kabla ya mimba, kwa sababu dawa za kundi hilo, pamoja na enalapili na lisinopili, zinamdhuru mtoto tumboni. Msiziache wenyewe kwa kusoma hapa, nendeni mkabadilishiwe. Akaniongezea foliki asidi ya miligramu 5, ambayo ni kubwa kuliko wanayopewa wengine, kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto.

Binti yangu ana miaka mitatu sasa. Ananivuta kanga hapa ninapoandika.

---

Mzee wa Tandahimba

Nimesoma kwa makini. Mtoa mada, usimlaumu mjomba. Sisi wazee tulitumia tulichokuwa nacho. Zamani hiyo sukari ya miezi mitatu ingepimwa wapi? Binti alipoharibikiwa tulimpeleka kwa anayejua, na wapo waliorudi wakazaa.

---

Mkunga wa Kusini

Shikamoo mzee. Ni kweli wapo waliorudi wakazaa, na nitakueleza kwa nini. Hata mama aliyepoteza mimba tatu bila sababu kupatikana, mimba inayofuata ana nafasi kubwa ya kuzaa salama, zaidi ya nusu, hata bila dawa yoyote. Kwa hiyo akinywa chochote katikati, hicho kitapata sifa. Simlaumu mganga wala mjomba. Ninachoogopa ni mama mwenye sukari 13 kukaa mwaka mzima kwenye dawa za chango huku figo zinaharibika.

Haya, tezi. Hapa shingoni mbele kuna tezi ya thairoidi, inayotoa homoni zinazoendesha mwili mzima. Ikiwa dhaifu, mama anachoka, anaongezeka uzito, ngozi inakauka, hedhi inakuwa nzito, na mimba zinaweza kutoka. Kipimo kinaitwa TSH, ni damu kidogo tu. Tiba yake ni kidonge kimoja kwa siku, kinamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu. Kosa ninaloliona kliniki ni mama kukimeza pamoja na vidonge vya damu, ile FEFO. Madini ya chuma yanakizuia kidonge cha tezi kuingia mwilini. Viachane kwa saa 4.

Kwa watu wa pwani yetu naongeza la chumvi. Tunakaa karibu na mabwawa ya chumvi, tunanunua kwa kisado au debe, na nyingine haikutiwa madini joto. Upungufu mkubwa wa madini joto unadhoofisha tezi na unachangia mimba kutoka na watoto kuzaliwa wafu. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri nao unaizuia tezi isiyachukue hayo madini. Kwa hiyo nunueni chumvi ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, na muhogo uloweke siku zake zote hata kama njaa inauma.

Wengine hupimwa wakakuta tezi inafanya kazi vizuri ila kuna kinga za mwili zinazoishambulia. Zamani hao nao walipewa kidonge. Utafiti uliofanyika Uingereza, majibu yakatoka 2019, ulionyesha hakiwaongezei nafasi ya kuzaa. Msilazimishe kupewa.

---

Asiyechoka

Mimi ni O, mume wangu ni A. Tumeambiwa damu zetu hazipatani ndiyo maana mimba zinatoka, tumeshauriwa tuachane kila mtu atafute wake. Ni kweli? Naombeni jibu, nina siku tatu silali.

---

Mkunga wa Kusini

Mdogo wangu, lala. O na A mnazaa. Wazazi wangu mimi ni O na A.

Maneno haya yametoka kwenye jambo la kweli likapotoshwa. Kuna alama nyingine ya damu, chanya na hasi. Mama akiwa hasi na mtoto akiwa chanya, damu zikichanganyika wakati wa kujifungua au mimba kutoka, mwili wa mama unaweza kutengeneza kinga zinazoshambulia damu ya mtoto anayefuata. Hiyo humletea mtoto upungufu wa damu, manjano, na wengine hufia tumboni miezi ya mbele. Lakini siyo inayotoa mimba za wiki 7 na 8 mfululizo, na inazuilika kwa sindano ya Anti-D. Kama wewe ni hasi, uliza sindano hiyo kila unapojifungua, na kila mimba inapotoka uliza kama unaihitaji. Kama ni chanya, hilo lifute kabisa kichwani. Hakuna daktari anayevunja ndoa kwa O na A.

---

Asiyechoka

Mimi ni O chanya. Nimesoma nikamsomea mume wangu. Asante dada. Asante sana.

---

Subira wa Masasi

Kwangu ilikuwa damu kuganda, na ilijulikana kwa njia ambayo karibu ivunje nyumba.

Mimba ya kwanza nilipimwa kaswende kwa kile kipimo cha VDRL, ikaonekana ninayo. Mume akapimwa, hana. Mnaweza kufikiria nyumbani palikuwaje. Nilichomwa sindano zote na mimba ikatoka. Ya pili, VDRL tena inaonyesha ninayo, mume hana, mimba ikatoka. Ya tatu ilifika wiki 19, mtoto akafia tumboni.

Aliyeniokoa ni daktari aliyekataa kuamini kipimo kile peke yake, akaagiza kingine cha kuthibitisha kaswende. Kikasema sina, sijawahi kuwa nayo maishani. Akanieleza kwamba kipimo cha VDRL hutumia mafuta fulani yaitwayo kadiolipini, na mwili wangu unatengeneza kinga dhidi ya mafuta ya aina hiyo, ndiyo maana kilidanganyika. Kinga hizo hizo ndizo zinazogandisha damu na kuliharibu kondo la nyuma. Ugonjwa huu ulielezwa vizuri London mwaka 1983 na daktari Graham Hughes. Haurithiwi kama kromosomu za mtoa mada, ni kinga za mwili zinazokosea.

Vipimo vyake ni vitatu na vinarudiwa baada ya wiki 12, kwa sababu hata malaria au homa nyingine inaweza kuzipandisha kinga hizo kwa muda. Mimi nilipimwa Dar, nikarudi Masasi, nikangoja, nikaenda tena. Kilomita kama mia sita kwenda, na hizo hizo kurudi.

Mimba ya nne nilianza aspirini ndogo na sindano za heparini mara tu kipimo cha mkojo kiliposoma. Nilijichoma mwenyewe tumboni kila siku, mpaka ngozi ikawa na madoa ya kijani. Heparini haivuki kondo kwenda kwa mtoto, hilo ndilo lililonipa moyo. Nilifika wiki 37.

Mume wangu aliniomba radhi mbele ya mama yangu. Sikumwambia afanye hivyo.

---

Kisiwa Shamba

Kuna kampuni inauza kifurushi cha vipimo vya jeni kwa mtandao, unatema mate wanakupa orodha. Nimepata majibu nina jeni ya MTHFR, wanasema ndiyo sababu ya mimba zangu mbili kutoka, wananiuzia vitamini za laki nne. Nilipe?

---

Kijana wa Maabara

Usilipe. Tofauti hiyo ya jeni wanayo watu wengi sana duniani waliozaa watoto kumi, na miongozo ya uzazi haishauri hata kuipima kwa sababu ya mimba kutoka. Foliki asidi ya kawaida ya kliniki inakutosha.

Nyingine mtakayotajiwa ni Fakta V Leiden, hitilafu ya jeni ya kurithi inayofanya damu igande kwa urahisi, iliyopewa jina la mji wa Uholanzi ilikogunduliwa. Hiyo ni ya watu wenye asili ya Ulaya zaidi, kwa Waafrika weusi ni adimu mno. Na hata kwa wenye nayo, utafiti uliotoka 2023 ulionyesha sindano za heparini haziwaongezei nafasi ya kuzaa. Musichanganye na ugonjwa wa dada Subira, huo heparini inausaidia.

Kwa kuwa niko kwenye meza ya maabara niwape mambo ambayo mgonjwa haambiwi.

Damu ya kupima kromosomu inawekwa kwenye chupa yenye kifuniko cha kijani, siyo ile ya zambarau. Seli lazima zifike hai kwa sababu zinaoteshwa siku kadhaa ndipo zipigwe picha. Haigandishwi, haiwekwi kwenye barafu, haikai kwenye gari la jua. Nimewahi kupokea sampuli iliyosafiri kutwa ndani ya boksi la barafu, na yule mama ilibidi atolewe tena. Iliniuma.

Mimba ikitoka na daktari akataka kilichotoka kipimwe kromosomu, kiwekwe kwenye maji ya chumvi ya hospitali yaliyo safi. Kikitiwa fomalini seli zinakufa na jibu halipatikani. Semeni hilo kabla, kwa adabu, mle mle chumba cha kusafishia. Fomalini ndiyo mazoea, kwa hiyo asiyeambiwa ataitumia.

Na sukari ya miezi mitatu haiaminiki kwa mwenye selimundu. Chembe zake za damu zinakufa mapema, kwa hiyo kipimo kinasoma chini wakati sukari iko juu. Huyo apimwe kwa kidole na kwa sukari ya kufunga.

---

Kisiwa Shamba

Na mwenye selimundu mwenyewe je? Mdogo wangu ni AS.

---

Kijana wa Maabara

AS, yaani kubeba jeni moja tu ya selimundu bila kuugua, siyo sababu ya mimba kutoka mfululizo. Mwenye SS, yaani ugonjwa wenyewe, ndiye ana mimba ya hatari na anatakiwa kufuatiliwa na daktari tangu mwanzo. Ila mdogo wako amwombe mchumba wake apime, maana wakiwa AS wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa SS.

---

Mama Kivinje

Mkunga, hujasema habari ya sindano za kushikilia mimba. Mimi nilichomwa kila mimba.

---

Mkunga wa Kusini

Za projesteroni. Kwa kifupi: kumpa kila aliyewahi kupoteza mimba, utafiti wa 2015 ulionyesha hakusaidii. Lakini mwenye historia ya mimba kutoka na ambaye sasa ametoka damu mapema, dawa ya kuweka ukeni, miligramu 400 asubuhi na jioni, inasaidia, na inasaidia zaidi kwa aliyepoteza tatu au zaidi. Hilo lilitoka 2019. Kwa hiyo ukiona damu usilale ukingoja kukuche, nenda. Na kulazwa kitandani miezi mitatu hakujaonyesha faida, ni kumchosha tu mama na kumfanya ahisi kila hatua ni kosa lake.

Mtoa mada, nina swali limenikaa. Mjomba ulimwambiaje?

---

Fundi wa Chikongola

Nilisita kuandika hili, lakini umeuliza.

Nilipanda Newala peke yangu. Nilinunua doti mbili za kanga sokoni, moja nyekundu na moja ya buluu. Kipande kimoja cha kila doti nikampa fundi cherehani akakata mapindo akabadilisha. Fundi alidhani nimechanganyikiwa.

Mjomba alinikaribisha barazani. Nilitandika kanga kwenye mkeka nikamweleza kama nilivyowaeleza hapa. Nikamwambia hii iliyoshonwa ni mimi, mpwa wako hana kasoro yoyote, na kila mlichomtibu hakikuwa kwake.

Alikaa kimya muda mrefu. Alizigeuza zile kanga, akapitisha kidole kwenye mshono. Nilingoja aseme anamchukua mpwa wake, maana sasa alikuwa na sababu. Akaniuliza: "Na dada zako?"

Sikuelewa. Akaniuliza tena, hii kitu umeitoa wapi, kwa baba au kwa mama? Nikasema wazazi bado hawajapimwa, daktari alisema huenda nimerithi, na kama ni hivyo ndugu zangu nao wanaweza kuwa nayo, nusu kwa nusu. Akasema: "Basi wewe ni mjomba. Ukoo wenu uko kwa dada zako. Umekaa hapa unaniomba radhi mimi, na huko kwenu kuna mtu anaogeshwa dawa."

Wakuu, dada yangu wa Nachingwea amepoteza mimba mbili. Nilijua. Hata kidogo sikuziunganisha.

Mjomba alimpigia simu mke wangu pale pale, akaongea naye Kimakonde kwa dakika kama ishirini, mimi nikatoka nje.

Kuhusu sisi sasa: daktari ametuambia tusikate tamaa. Kuna watafiti wa Uholanzi waliochapisha 2006, waliwafuatilia wenza wenye hali kama yangu, na 83 kati ya kila 100 walipata angalau mtoto mmoja mzima, karibu sawa na wasio na hitilafu. Mimba zilizotoka ni nyingi zaidi njiani, lakini wengi walifika. Kuna njia ya kutunga mimba maabara na kupima kiinitete kabla ya kukiweka. Gharama yake ni kubwa kuliko nyumba yangu, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana kwamba inaongeza watoto kuliko kujaribu kawaida. Tumeamua kujaribu kawaida. Ikifika wiki 15 tunaweza kupima maji ya uzazi tukitaka. Mke wangu amesema hilo ataamua yeye siku hiyo ikifika, na mimi nimesema sawa.

---

Mzee wa Tandahimba

Huyo mjomba ni mtu. Nikionana naye nitampa mkono.

---

Mwali wa Nachingwea

Kaka, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nimesoma wote, mara mbili. Nilijua unanizungumzia mimi kabla sijafika mwisho.

Kijana wa Maabara, naomba kuuliza. Gari la kwetu linaondoka alfajiri, nitafika Mtwara mchana. Nije nimefunga? Na nije siku gani?

---

Kijana wa Maabara

Karibu dada. Kwa kromosomu usifunge, kunywa chai, kula. Daktari akitaka na sukari ya kufunga, ulale mjini upimwe kesho yake asubuhi. Njoo Jumatatu au Jumanne ili sampuli isafiri siku za kazi. Usije Ijumaa, italala njiani wikendi nzima. Ukifika mwambie anayekutoa damu: kifuniko cha kijani. Beba na makaratasi yako yote ya zamani, hata yale yaliyochanika.

Shemeji naye anakuja?

---

Mwali wa Nachingwea

Tumekata tiketi mbili.